Fuata Karatasi: Mbinu za Kutafiti Kumbukumbu Ukianzia Malampaka

Tafiti nyingi za wanafunzi wetu kuhusu utunzaji wa kumbukumbu huanza na dodoso. Maswali yanaandikwa, yanagawiwa katika ofisi za halmashauri, na mojawapo linamtaka mhudumu wa masijala aseme iwapo kumbukumbu za ofisi yake zinatunzwa vizuri, wastani au vibaya. Mhudumu, ambaye bosi wake yuko chumba cha pili, anaweka alama ya vema kwenye "vizuri". Majibu yanageuzwa asilimia, asilimia zinaingia kwenye jedwali, na sura ya mwisho inapendekeza mafunzo na bajeti. Rafu zenyewe hakuna aliyezigusa.

Ipo njia nyingine, na ninamwandikia hasa yule anayesomea utunzaji wa kumbukumbu katika Chuo cha Utumishi wa Umma, Kampasi ya Tabora, au anayesoma shahada mahali popote, na kwao ni Malampaka, Malya, Lalago au Bariadi. Chukua karatasi ya aina moja tu. Ifuate tangu inapoandikwa mpaka inapolala, au mpaka pale inapopotelea. Maswali yote makubwa ya taaluma hii utakutana nayo njiani: nani aliandika, kwa nini, nani anaruhusiwa kuona, nini kitunzwe, nini kiteketezwe, na nani ataamua.

Kwa Malampaka, karatasi ya kuanza nayo haina ubishi: stakabadhi ya pamba.

Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, mkulima anafikisha pamba kwenye ghala la chama cha msingi, AMCOS. Karani anaitazama, anatenga safi na fifi, anaweka kwenye mizani, anaandika kilo. Nakala moja ya stakabadhi anaondoka nayo mkulima, nyingine inabaki kitabuni. Kutoka kitabuni, hesabu inahamia kwenye daftari la mauzo. Kutoka daftarini inaingia kwenye taarifa ya chama. Taarifa inapanda kwa mnunuzi, kwa chama kikuu, kwa Bodi ya Pamba, kwa afisa ushirika wa wilaya. Mwisho wa mwaka wanakuja wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Siku hizi sehemu ya safari hiyo inapita pia kwenye MUVU, mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Chora safari hiyo kwenye ukurasa mmoja kabla hujaandika pendekezo la utafiti. Kwa kila kituo andika mambo matano: nani anaandika, kwa agizo gani, nakala ngapi, zinakaa wapi, na ufunguo uko kwa nani. Hilo la ufunguo usilidharau. Katika ofisi ndogo, ukijua nani ana ufunguo wa kabati na nani mwingine ana wa akiba, umejua zaidi kuliko sera yoyote iliyoandikwa. Na sehemu ambayo mchoro wako unakatika, ambapo kila unayemuuliza anakwambia "nadhani zinapelekwa wilayani", hapo ndipo swali lako la utafiti lilipo. Hukulitunga mezani, umelikuta njiani.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa Usukuma wanalijua hilo kwa uchungu, maana madai ya malipo ya pamba yamezunguka vyama vya ushirika kwa vizazi. Mdai anaposhindwa, mara nyingi haki anayo ila karatasi hana. Ndiyo maana ninaona utafiti huu una uzito kuliko vyeti tunavyovipata kwa kuufanya.

Sasa tuje kwenye jambo linalowakwamisha wengi: faili halifuati ramani ya leo. Linafuata ofisi iliyoliandika. Wataalamu wa nyaraka wameishikilia kanuni hii ya asili tangu Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, walipochapisha mwongozo wao mwaka 1898, na huku kwetu ina faida ya moja kwa moja. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Ukitafuta faili la Malampaka la mwaka 1985 katika ofisi ya mkoa iliyopo Bariadi, unatafuta mahali ambapo halikuwahi kuandikiwa; wakati huo Maswa, wilaya ya Malampaka, ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Rudi nyuma zaidi, enzi za Mwingereza, na Maswa ilikuwa wilaya ya Jimbo la Ziwa, makao yake Mwanza, huku shughuli za pamoja za watemi wa Usukuma zikiendeshwa kutoka Malya, kituo jirani kabisa kwenye reli. Na kama kijiji chako kiko Busega, wilaya nyingine ya Simiyu, njia ni nyingine tena, kwa kuwa Busega ilimegwa kutoka Magu, Mkoa wa Mwanza.

Kwa hiyo tengeneza jedwali dogo la nasaba ya ofisi. Safu ya kwanza iwe miaka, ya pili ofisi iliyokuwa na mamlaka, ya tatu mahali makao makuu yalipokuwa. Ushirika utengenezee jedwali lake peke yake, kwa kuwa historia yake imekatikakatika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa nguzo yake. Mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na chama kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukawa kazi ya vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha ushirika, kikaja chama kikuu cha SHIRECU kwa Shinyanga, na baada ya mkoa mpya kuzaliwa, SIMCU kwa Simiyu.

Soma tena mstari wa mwaka 1976. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa karatasi za pamba za Malampaka hazikuwa za ushirika hata kidogo. Zilikuwa karatasi za serikali ya kijiji. Mtafiti anayekwenda kwenye chama cha msingi kuuliza vitabu vya mwaka 1979 ataambiwa havipo, na ataandika kwamba "vimepotea kwa utunzaji hafifu". Atakuwa amewasingizia watu. Alipaswa kuuliza kwa mtendaji wa kijiji, au nyumbani kwa familia ya aliyekuwa katibu wa kijiji wakati huo.

Reli nayo ina nasaba yake. Njia ya Tabora hadi Mwanza ilifika ziwani mwaka 1928, na Malampaka ikawa stesheni. Kuanzia mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, lililoanza kwa jina la East African Railways and Harbours, makao makuu Nairobi, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Anayetafiti mizigo ya pamba iliyopakiwa Malampaka mwaka 1960 asishangae akijikuta anapanga safari ya Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya na kwenye jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971. Leo reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inajengwa katika ukanda huohuo, nayo inazaa kumbukumbu zake: orodha za uthamini, fomu za fidia, mihtasari ya mikutano. Mtu akitaka kutafiti kumbukumbu zikiwa bado mbichi, na wahusika wote wakiwa hai, nafasi ndiyo hii.

Vibali havina njia ya mkato, na mpangilio wake una maana. Barua ya utambulisho ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa Bariadi, inashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya Maswa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo ifike kwa mtendaji wa kata. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kwanza kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Vyama vya ushirika si ofisi za serikali. Huko barua iende kwa mwenyekiti na katibu wa chama, na nakala kwa afisa ushirika wa wilaya. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uandike na tarehe. Barua hizo ni kumbukumbu za utafiti wako. Ukishindwa kuzitunza hizo, utawezaje kumfundisha mwingine?

Ukifika ofisini, salimia kwa utulivu. "Mwangaluka" ya asubuhi hufungua milango, na mama wa masijala ambaye amekaa na majalada hayo miaka mingi apewe shikamoo yake na kiti chake. Mwambie unakuja kujifunza kazi yake, na uwe unamaanisha. Akihisi umekuja kumkagua, utaonyeshwa rafu ya mbele tu.

Kisha pima. Hapa ndipo dodoso linapozidiwa kabisa. Chukua utepe upime urefu wa rafu zenye majalada, kwa mita. Andika jalada la zamani zaidi na jipya zaidi. Tazama sakafu: je, maboksi yako juu ya chaga za mbao au yamelala kwenye saruji, ambako mchwa na maji ya masika hayahitaji kubisha hodi? Tazama madirisha yanaelekea wapi, maana jua la mchana hula wino. Hesabu majalada yaliyonenepa kupita kiasi. Kwa desturi ya masijala, folio zikifika mia jalada hufungwa na juzuu nyingine hufunguliwa. Angalia kama folio zina namba. Angalia kama dokezo lililoandikwa kwa mkono limefungwa pamoja na barua iliyojibiwa, au limebaki dokezo sabili kwenye droo ya mtu.

Baada ya hapo fanya jaribio la kutafuta. Ninalipenda kuliko kipimo kingine chochote, kwa sababu haliongopi na halihitaji kompyuta. Chukua rejista ya majalada, chagua kila la kumi mpaka upate majalada ishirini, bila kuruka lile linaloonekana gumu. Mwombe mhudumu akuletee moja baada ya jingine, nawe uandike muda. Weka safu nne: limepatikana mahali pake, limepatikana kwingine, halikupatikana lakini kuna kadi inayoonyesha aliyelichukua, halikupatikana na hakuna dalili. Ukimaliza, ongeza safu moja zaidi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa: limepatikana kwa njia gani? Kwa namba ya rejista, au kwa kumbukumbu ya mama mwenyewe, aliyesema "lile la mgogoro wa malambo liko chini ya meza ya afisa mifugo"?

Ukikuta kwamba majalada mengi yamepatikana kwa kichwa cha mtu mmoja, umepata matokeo mazito. Masijala hiyo inaishi ndani ya mtu, na siku atakapostaafu au kuhamishwa, ofisi itapoteza nusu ya majalada yake bila hata karatasi moja kuibwa. Mhoji huyo mama kwa kina, si kwa maswali ya kuchagua jibu. Muulize jalada gani liliwahi kutafutwa sana na kwa nini. Muulize nini kilichomwa moto, nani aliamuru, na kama kuna hati ya uteketezaji. Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa uamuzi wa mtu anayetaka kupata nafasi ya kiti.

Usisahau simu. Kata nyingi leo huitisha vikao kwa kundi la WhatsApp, taarifa ya mvua hutumwa kwa picha, na orodha ya wakulima wa pembejeo hupita kwenye simu ya mtendaji. Hizo ni kumbukumbu za umma sawa na barua yenye muhuri. Uliza simu ikiharibika au mtendaji akihamishwa zinakwenda wapi. Sijaona eneo lenye uhitaji mkubwa wa utafiti kuliko hili, na anayetokea kijijini analielewa kuliko profesa yeyote wa mbali.

Kuhusu nadharia, neno fupi. Utafundishwa mzunguko wa maisha wa kumbukumbu: inazaliwa, inatumika, inapumzika, inateketezwa au inaingia hifadhini. Mfumo huo, uliojengwa katika ofisi za Marekani ambako T. R. Schellenberg aliandika kitabu chake maarufu cha mwaka 1956, unasaidia kupanga mawazo. Lakini kitabu cha stakabadhi cha AMCOS hakistaafu kwa ratiba. Kinaweza kukaa kimya miaka kumi kisha kikaletwa mbele ya mkutano mkuu kwa sababu ya deni moja. Kwa hiyo soma pia waandishi wa Australia wa miaka ya 1990, hasa Frank Upward, wanaoiona kumbukumbu kuwa na matumizi mengi kwa wakati mmoja. Halafu soma wenzetu: jarida la ESARBICA, chama cha wataalamu wa nyaraka wa mashariki na kusini mwa Afrika chenye mizizi ya mwaka 1969, na kazi zilizotoka Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Wao wanajua masijala isiyo na umeme ni nini.

Njia ya karatasi yako ikifika Dar es Salaam, utaingia Upanga kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoanza mwaka 1963. Hapo faili hazifunguliwi kwa jina la kijiji. Ukiandika "Malampaka" kwenye karatasi ya maombi hutapata kitu. Anza na vitabu vya orodha, tafuta ofisi kwa kutumia jedwali lako la nasaba: wilaya, jimbo, sekretarieti. Omba Kitabu cha Wilaya cha Maswa, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za mipaka, watemi na desturi. Kisome ukikumbuka aliyekiandika alikuwa nani na alitaka kutawala nini. Faili za Wajerumani zina orodha yake iliyochapishwa mwaka 1973 na Franz na Geissler, na mkusanyo huo uliingizwa na UNESCO kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kwa kawaida faili hufunguliwa kwa umma baada ya miaka thelathini, kwa hiyo usipange utafiti wa mwaka 2005 ukitegemea chumba kile cha kusomea.

Kuna mbinu moja ambayo wanafunzi wengi hawafundishwi: chimba tanbihi za waliotangulia. G. Andrew Maguire alichapisha mwaka 1969 kitabu kuhusu siasa za Usukuma kuelekea uhuru. Chini ya kurasa za vitabu kama hivyo kuna marejeo ya faili ambayo mwandishi aliyasaka kwa muda mrefu. Yanakili kabla hujapanda basi. Vilevile kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyo wa Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyeandika sana kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Na wakati mwingine nakala ya barua iliyoliwa na mchwa Maswa iko salama Mwanza, Dar es Salaam, au kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kew huko London, kwa sababu iliandikwa kwa nakala. Karatasi ikipotea mahali pamoja, rudi kwenye mchoro wako uulize nakala ya pili ilikwenda wapi.

Kazi ya mikono ina adabu zake. Tumia penseli, si kalamu ya wino. Mikono iwe safi na mikavu. Usilambe kidole kufungua ukurasa, usinyooshe mkunjo kwa nguvu, na usibandike selotepu hata kama unaona huruma, maana gundi yake itakuja kula karatasi. Ukipewa ruhusa ya kupiga picha, picha ya kwanza iwe jalada la nje lenye namba, ndipo zifuate folio kwa mpangilio wake. Jina la kila picha liwe na ofisi, namba ya jalada na folio. Jioni hiyohiyo nakili picha mahali pa pili nje ya simu. Picha zisizo na majina hazina faida. Baada ya mwezi hutajua ipi ilitoka wapi.

Kuna vitu usipige picha. Rejista ya wagonjwa wa zahanati, mashauri ya ndoa, orodha ya wadaiwa wa chama: soma kama umeruhusiwa, hesabu unachohitaji, na badala ya majina tumia alama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana, lakini hata isingekuwapo, watu hao ni majirani zako. Mtoto wa mdaiwa unayemtaja anasoma darasa moja na mdogo wako.

Unapofika kwenye mapendekezo, futa sentensi ya "serikali iongeze bajeti". Andika yale ambayo katibu wa chama anaweza kufanya Jumatatu ijayo: maboksi yainuliwe kwenye chaga na kusogezwa mbali na ukuta, ufunguo wa akiba ukabidhiwe mtu wa pili kwa maandishi, kila kitabu cha stakabadhi kiandikwe msimu na namba ya kwanza na ya mwisho mgongoni, taarifa zinazopita WhatsApp zichapwe au zinakiliwe kwenye jalada kila mwisho wa mwezi, makabidhiano ya viongozi yawe na orodha ya vitabu, si maneno.

Na orodha uliyoitengeneza wakati wa kupima, ile yenye mita, miaka na namba za majalada, usiondoke nayo peke yako. Ichape, weka tarehe na jina lako, taja pia majalada ambayo hukuyaona na sababu yake. Nakala moja mpe katibu wa AMCOS, moja mtendaji wa kata Malampaka, moja afisa ushirika Maswa, na nyingine maktaba ya chuo chako, kisha wote wakusainie kwamba wameipokea.